Lake View: wilaya ya shule iliyoshinda kesi ikafutwa

Mwaka 1992, wilaya ndogo ya shule ya Lake View katika kaunti ya Phillips, mashariki mwa jimbo la Arkansas nchini Marekani, ililishtaki jimbo lake mahakamani. Madai yake yalikuwa kwamba mfumo wa kugawa fedha za elimu unawanyima watoto wa maskini haki waliyopewa na katiba ya jimbo. Kesi ilichukua miaka kumi. Novemba 2002 Mahakama ya Juu ya Arkansas iliipa Lake View ushindi. Tarehe 1 Julai 2004, kwa sheria iliyotungwa kuitikia hukumu hiyohiyo, wilaya ya Lake View ilifutwa na kuunganishwa na jirani yake, Barton-Lexa.

Kisa hiki kinafaa kuchunguzwa na yeyote anayejiuliza shule za umma za vijijini ziendeshwe na nani na zipimwe vipi. Kwa zaidi ya miaka mia moja majimbo ya Marekani yamekuwa yakikutana na tatizo la watoto wa vijijini kutofundishwa vya kutosha, na kila mara yamelijibu kwa kubadilisha wanaoamua. Nitajaribu kuonyesha kwamba hayo ni mambo mawili tofauti, na kwamba kuyachanganya kumewagharimu zaidi wale waliokuwa na kidogo tangu mwanzo.

Msomaji wa Tanzania au Kenya anahitaji kwanza kuliona umbo la kitu chenyewe. Kwetu mwalimu wa shule ya msingi kijijini ni mtumishi wa serikali; ajira yake, cheo chake na uhamisho wake huamuliwa mbali na kijiji, na kamati au bodi ya shule hubaki na majukumu kama ujenzi, chakula na usimamizi wa ruzuku. Wilaya ya shule ya Marekani ni serikali ndogo inayojitegemea. Ina mipaka yake, ambayo mara nyingi haifuati mipaka ya mji wala kaunti. Ina wapiga kura wake. Huajiri na kufukuza walimu, hununua mabasi, na katika majimbo mengi hupendekeza kiwango cha kodi ambacho wananchi hukipigia kura. Wilaya hizo zinakaribia 13,000 nchi nzima, na takriban nusu yake zina wanafunzi wasiofika 1,000. Mnamo 1940 zilikuwa zaidi ya 115,000. Hawaii peke yake ina wilaya moja kwa jimbo zima.

Juu kabisa ya wilaya hukaa bodi ya watu waliochaguliwa, Arkansas kwa kawaida watano au saba. Ni wakulima, wachungaji, wauguzi, wenye maduka, na hawalipwi mshahara kwa kazi hiyo. Hukutana mara moja kwa mwezi mbele ya wananchi, kwa sababu sheria ya jimbo ya mwaka 1967 inataka vikao vya umma viwe wazi. Kazi yao kubwa kuliko zote ni kumwajiri msimamizi mkuu, ambaye ndiye mtendaji. Katika wilaya kubwa msimamizi ana manaibu wa fedha, wa mitaala, wa usafiri. Katika wilaya yenye watoto 300 yeye mwenyewe ndiye hujaza fomu za serikali kuu asubuhi, hutafuta dereva wa akiba mchana na jioni huieleza bodi kwa nini paa la ukumbi linavuja. Fomu hizo hazipungui kwa sababu wilaya ni ndogo. Taarifa za watoto wenye ulemavu, za chakula, za mitihani, za ukaguzi wa hesabu, zote hutakiwa sawa na zinavyotakiwa kwa wilaya yenye watoto 20,000.

Bodi ya namna hii ina faida ambayo wakubwa wa Little Rock, mji mkuu wa jimbo, hawakuipima. Mzazi akiwa na lalamiko, anamjua mjumbe kwa jina na anajua anaposali. Lakini ukaribu huo una upande wake wa pili, na sioni sababu ya kuuficha. Mahali ambapo shule ndiyo mwajiri mkubwa kuliko wote, kiti cha bodi ni mlango wa ajira kwa shemeji na binamu. Arkansas ililazimika mwaka 2001 kutunga sheria ya maadili inayobana mikataba na ajira za jamaa za wajumbe. Kwa miaka mingi pia uchaguzi wa bodi ulifanyika Septemba, peke yake, bila uchaguzi mwingine wa kuwavuta watu, na kura chache sana zilitosha kumweka mtu madarakani.

Sasa fedha. Shule za umma za Marekani huendeshwa kwa mifuko mitatu: wa serikali kuu, ambao kwa kawaida hauzidi sana sehemu moja ya kumi, wa jimbo, na wa wenyeji. Mfuko wa wenyeji hutokana zaidi na kodi ya ardhi na majengo. Hapo ndipo mtoto hurithi thamani ya nyumba za jirani zake. Mwaka 1973, katika kesi iliyofunguliwa na wazazi wa Edgewood mjini San Antonio, Texas, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura tano dhidi ya nne kwamba tofauti hizo hazivunji katiba ya nchi. Hukumu hiyo iliandikwa na Jaji Lewis Powell, ambaye kabla ya ujaji alikuwa mwenyekiti wa bodi ya shule ya Richmond, Virginia, na aliuthamini sana uhuru wa wenyeji kujiamulia mambo ya elimu. Jaji Thurgood Marshall alipinga vikali. Tangu siku hiyo wanaodai usawa wamebaki na njia ya katiba za majimbo, na ya Arkansas inalitaka jimbo liwe na mfumo wa shule za bure ulio wa jumla, unaofaa na wenye ufanisi. Lake View ilisimama juu ya maneno hayo.

Lake View yenyewe si mahali palipozuka tu. Kaunti ya Phillips iko kwenye nchi tambarare ya mto Mississippi, ardhi nyeusi yenye rutuba iliyolimwa pamba kwa mikono ya watumwa na kisha ya wakulima weusi waliogawana mavuno na wenye mashamba. Mwaka 1919, karibu na mji wa Elaine katika kaunti hiyohiyo, wakulima weusi waliojiunga kudai bei halali ya pamba yao walishambuliwa, na watu weusi wengi, pengine mamia, wakauawa. Miaka ya 1930, chini ya mpango wa serikali ya Rais Roosevelt wa kuwapa wakulima maskini makazi na ardhi, Lake View ilianzishwa kuwa jumuiya ya wakulima weusi wenye mashamba yao. Kwa watu wa historia hiyo, shule yenye bodi yao wenyewe ilikuwa jambo kubwa kuliko utawala wa majengo. Ilikuwa moja ya meza chache ambazo waliketi bila kuomba ruhusa.

Kisha mashine ya kuvuna pamba ilikuja na watu wakaondoka. Mwaka 1950 kaunti ya Phillips ilikuwa na wakazi zaidi ya 46,000. Sensa ya 2020 ilikuta wapatao 16,500. Ardhi ya kilimo Arkansas hutozwa kodi kwa kufuata uwezo wake wa kuzalisha mazao, hivyo hata mashamba mapana hayajazi mfuko wa shule. Viwanda vilivyokuwapo vilifungwa. Waliobaki walikuwa watoto wa kaya zenye kipato kidogo sana, na wilaya iliyotakiwa kuwasomesha kwa kodi isiyokuwapo.

Yaliyoandikwa mwaka 2001 na Jaji Collins Kilgore wa mahakama ya chini, baada ya kusikiliza ushahidi katika kesi ya Lake View, yanaeleza hali hiyo kuliko takwimu yoyote. Lake View ilikuwa na mwalimu mmoja wa hisabati kwa madarasa yote ya sekondari. Hakuwa na cheti cha kufundishia. Alilipwa dola 10,000 kwa mwaka kama mwalimu wa muda, na ili aishi aliendesha basi la shule kwa dola 5,000 zaidi. Darasa lake la trigonometria lilikuwa na wanafunzi kumi na vikokotoo vinne. Wanafunzi wa jiometria hawakuwa na bikari. Kati ya mbao nne za kuandikia, moja tu ilifaa. Karatasi zilikuwa haba na mashine ya kunakili imechoka, kwa hiyo mara nyingi mtihani uliandikwa ubaoni kwa chaki. Na wahitimu wa Lake View waliokwenda chuo, wote, asilimia 100, walihitaji kwanza masomo ya kurekebisha yale ambayo sekondari haikuwapa.

Nani mwenye kosa hapo? Mtu anaweza kusema bodi ilishindwa kazi. Lakini bodi isiyo na fedha za kumlipa mwalimu mwenye cheti haina uamuzi wa kufanya. Inapewa kalamu ya kusaini na hazina tupu. Ndiyo maana nasema uhuru wa wenyeji uliosifiwa mwaka 1973 haukuwa uhuru kwa watu wa Lake View. Walikuwa na haki ya kuchagua kati ya upungufu na upungufu. Mahakama ya Juu ya Arkansas iliona hivyo. Ilitamka kwamba wajibu wa kuwapa watoto elimu ya kutosha ni wa jimbo, wajibu usio na masharti, na kwamba jimbo haliwezi kujificha nyuma ya wilaya zake.

Hapo hadithi ikapinda. Gavana Mike Huckabee alichukua hukumu hiyo na kupendekeza kuunganisha wilaya zote zenye wanafunzi chini ya 1,500. Hoja yake ilieleweka: kama jimbo ndilo linalodaiwa, jimbo lisilipie ofisi mia tatu za wasimamizi wakuu. Vijiji vilipandwa na hasira, weusi na weupe kwa pamoja, na wabunge wakatafuta namba ya kati. Mapema mwaka 2004 walikubaliana 350. Wilaya yoyote ambayo kwa miaka miwili mfululizo ingekuwa na wanafunzi pungufu ya hapo ingeunganishwa. Zaidi ya wilaya 50 zilipotea, na idadi ya wilaya za jimbo ikashuka kutoka kama 310 hadi kama 250.

Namba hiyo haikuwa mpya. Mwaka 1948 wapiga kura wa Arkansas walipitisha sheria ya kufuta wilaya zenye watoto chini ya 350, na wilaya zaidi ya 1,500 zikashuka hadi zipatazo 420. Wakati ule wilaya nyingi zilikuwa na darasa moja na mwalimu mmoja, na kuziunganisha kulizaa sekondari mahali ambapo hazikuwapo. Mwaka 2004 sekondari zilikuwapo tayari. Kilichokosekana ni walimu na vifaa. Kuirudisha namba ya 1948 nusu karne baadaye kulikuwa kutumia dawa ya ugonjwa mwingine.

Ni haki kusema pia kile ambacho jimbo lilifanya vizuri, maana ni kikubwa. Kodi ya mauzo ilipandishwa kutoka asilimia 5.125 hadi 6 kwa ajili ya shule. Kila mwanafunzi alipangiwa kiwango cha msingi cha dola 5,400 kwa mwaka wa masomo 2004 hadi 2005, na kikaendelea kupandishwa baadaye. Fedha za ziada zilitengwa kwa shule zenye watoto wengi maskini, na jimbo likaongeza mchango wake kwa majengo, jambo ambalo zamani liliachiwa zaidi wenyeji. Mahakama iliifungua kesi tena mwaka 2005 ilipoona wabunge wanalegea, na haikuifunga hadi 2007. Sehemu hii ya ushindi wa Lake View imewafikia watoto wa jimbo zima, hadi leo.

Lakini hata fomula hiyo ina dosari inayozigusa wilaya ndogo. Hesabu ya kiwango cha msingi ilijengwa juu ya shule ya kufikirika yenye wanafunzi 500: walimu kiasi hiki, mkutubi, mshauri, muuguzi. Shule yenye 500 inanunua vyote hivyo. Wilaya yenye watoto 360 kuanzia chekechea hadi kidato cha mwisho inalipwa kwa kichwa kilekile, ila haiwezi kuajiri sehemu tu ya mwalimu wa kemia. Kuna fungu la shule zilizojitenga kijiografia, nalo husaidia, lakini Lake View na wenziwe wengi wa uwanda wa pamba hawakutengwa na milima. Walitengwa na umaskini.

Je, kuunganisha kuliwasaidia watoto? Swali hili limepata jibu kwa bahati, kwa sababu sheria ya 350 iliwapa watafiti mahali pa kulinganisha: wilaya zilizokuwa chini kidogo ya mstari na zilizokuwa juu kidogo yake. Josh McGee, Jonathan Mills na Jessica Goldstein wa Arkansas walifanya ulinganisho huo na kukuta kwamba athari kwa ufaulu wa hisabati na kusoma ilikuwa ndogo, au hakuna kabisa. Hawakukuta pia kwamba gharama zilishuka, wala kwamba sehemu kubwa zaidi ya fedha ilihamia darasani. Sarah Smith na Ron Zimmer, walipoangalia jumuiya zenyewe, walikuta kwamba zile zilizopoteza wilaya zao zilipoteza pia watu na thamani ya mali.

Kwa upande mwingine, utafiti wa William Duncombe na John Yinger kuhusu wilaya za vijijini za jimbo la New York ulionyesha kwamba wilaya ndogo sana zikiungana huokoa fedha nyingi za uendeshaji, na faida hiyo hupungua kadiri wilaya zinavyokuwa kubwa. Sioni mgongano mkubwa hapo. Kuna mahali ambapo shule mbili ziko karibu, barabara ni nzuri, na watu wa pande zote wanataka kuungana. Na kuna mahali ambapo akiba ya mshahara wa msimamizi mmoja humezwa na mafuta ya mabasi. Sheria ya namba moja kwa jimbo zima haiwezi kuzitofautisha.

Upimaji nao una tatizo lake. Tangu sheria ya serikali kuu ya mwaka 2002 shule zimekuwa zikihukumiwa kwa alama za mitihani ya kila mwaka. Darasa la nane lenye watoto 12 likipoteza mtoto mmoja hodari aliyehamia Memphis na wazazi wake, asilimia ya ufaulu inaweza kushuka kwa pointi kadhaa, na hakuna mwalimu aliyefundisha vibaya. Thomas Kane na Douglas Staiger walieleza mwaka 2002 kwa nini shule ndogo hujaa kileleni na mkiani mwa orodha: idadi ndogo huyumba. Mwaka mmoja inasifiwa, mwaka wa pili inaonywa. Anayetaka kujua kweli kama wilaya ndogo inafundisha aangalie wastani wa miaka kadhaa, maendeleo ya mtoto mmojammoja, mahudhurio, walimu wangapi wamerudi Agosti, na wahitimu wanafanya nini miaka miwili baadaye. Kile kipimo cha masomo ya kurekebisha vyuoni alichokitaja Jaji Kilgore kilisema ukweli zaidi kuhusu Lake View kuliko asilimia yoyote ya mtihani mmoja.

Baada ya Julai 2004 mambo ya watoto wa Lake View yalihamia kwenye bodi ya Barton-Lexa, wilaya kubwa kuliko yao. Sheria ililazimisha ofisi kuungana. Kuamua majengo yapi yabaki kuliachwa mikononi mwa bodi mpya, na katika bodi mpya walio wachache hushindwa kura. Wakazi walikwenda mahakama ya shirikisho wakidai kwamba sheria hiyo imewaonea kwa rangi yao na kupunguza nguvu ya kura zao. Mwaka 2009 mahakama ya rufaa iliwakatalia. Kisheria hoja yao haikusimama. Kisiasa naiona nzito: waliofungua kesi kwa niaba ya watoto wa Arkansas nzima ndio walioondolewa kwenye meza iliposambazwa faida yake.

Sisemi kwamba kila bodi ndogo ilindwe kwa gharama yoyote. Mtoto wa Lake View alistahili mwalimu wa hisabati mwenye cheti hata kama kumpata kungeigharimu bodi kiti chake. Ila hakuna aliyeonyesha kwamba ilikuwa lazima kuchagua. Tangu 1985 Arkansas ina vyama vya ushirika vya huduma za elimu, kumi na vitano kwa jimbo zima, ambamo wilaya kadhaa hushirikiana katika mafunzo ya walimu, manunuzi na wataalamu wa watoto wenye mahitaji maalumu. Kaunti ya Phillips imo katika ushirika wa Great River. Mwalimu wa kemia anayezunguka shule tatu, ofisi moja ya hesabu kwa wilaya tano, mkataba mmoja wa matengenezo ya mabasi: haya yote yanaondoa mzigo wa udogo bila kuondoa kura. Jimbo lingeweza kumlipa mwalimu huyo moja kwa moja. Mwaka 2023 lilipoweka mshahara wa chini wa mwalimu kuwa dola 50,000 na kuchangia gharama yake, lilithibitisha kwamba uwezo wa kuingia moja kwa moja kwenye mshahara wa mwalimu wa kijijini lilikuwa nao.

Badala yake kaunti ya Phillips imeendelea kuona uongozi ukibadilishwa juu ya watoto walewale. Helena-West Helena, wilaya ya mji mkuu wa kaunti, ilichukuliwa na jimbo mwaka 2005 kwa sababu za fedha, ikachukuliwa tena 2011, bodi ikavunjwa, na haikurudishiwa wenyeji hadi 2016. Wakati huohuo shule ya mkataba ya KIPP, yaani ya umma lakini iliyo nje ya bodi ya wilaya, iliyofunguliwa mjini Helena mwaka 2002, ilikuwa ikigombania watoto kutoka katika idadi inayopungua kila mwaka. Wilaya ya Elaine iliunganishwa na ya Marvell mwaka 2006, nayo Marvell-Elaine ikaja kushuka chini ya mstari wa 350. Safari hii haikuunganishwa na jirani. Mei 2023 bodi ya elimu ya jimbo iliidhinisha mkataba wa kuikabidhi kwa taasisi ya Friendship, yenye makao Washington, D.C., chini ya sheria mpya ya elimu ya jimbo. Baadhi ya wakazi wa kaunti walikwenda mahakamani wakisema sheria hiyo imeanza kutumika kabla ya wakati wake. Jaji mmoja aliwasikiliza, kisha Oktoba mwaka huo Mahakama ya Juu ya Arkansas, mahakama ileile ya 2002, ikaitengua hukumu yake. Katika shauri hilo kilichobishaniwa ni tarehe ya sheria kuanza kutumika. Kama watoto wa Marvell na Elaine wana mwalimu wa hisabati mwenye cheti, na kama wazazi wao wana mtu waliyemchagua wenyewe wa kumuuliza asipokuwapo, hayo hayakuwa mbele ya jaji yeyote.